Sherifu Hakufyatua

Benchi letu liko nje ya chumba cha kufulia nguo, kwenye apatimenti za Euless, mahali ambapo ndege zinapita chini hadi mtu anakatiza sentensi, anasubiri, kisha anaendelea. Jumamosi mchana nguo zikizunguka mle ndani, sisi tunakaa nje na chupa ya kahawa ya Kanali. Kanali ni Godefroid, Mkongo wa Uvira, mpakia mizigo kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege. Hajawahi kuwa askari, ila amekimbia vita vingi kiasi kwamba tuliona anastahili cheo. Wakili ni Gelasius wa Bukoba, dereva wa basi la hoteli, anayeijua sheria ya Texas kuliko wanaoitunga, kwa maneno yake. Wa tatu ni Patroba, nesi kutoka Busia. Tulianza kumwita Sherifu mwaka 2005 alipopata leseni ya kutembea na bastola. Siku ninayosimulia, mwaka uliofuata, Sherifu hakuwepo. Katikati ya wiki mtu aliyefukuzwa kazi alikuwa amerudi na bunduki kwenye duka la vifaa vya ujenzi, akaanza kupiga watu. Sherifu alikuwa mle ndani ananunua rangi. Bastola ilikuwa kiunoni. Hakufyatua hata risasi moja, na apatimenti zote zilikuwa zinajua.

— Mimi bado sielewi, alianza Wakili. Leseni unayo, chuma unacho, sheria inakwambia jitetee. Sasa unasubiri nini, mwaliko?

— Unasema sababu hukukuwa kule, Kanali akajibu huku akimimina kahawa. Mimi ningepanda juu ya rafu. Juu kabisa! Mutu wa bunduki haangaliake juu.

— Kwa kitambi hicho?

— Kitambi kinapotea wakati woga unaingia.

— Mimi ningepiga dari. Paa! Moja tu ya onyo. Mtu akisikia anajibiwa, anapoa.

— Na ile risasi inarudia wapi? Iko na macho? Non, non. Sikia mipango. Unazima taa zote. Halafu unakamata ile mikrofoni ya kuita wafanyakazi, unatoa amri za jeshi kwa Lingala, na sauti ya nguvu. Yeye atafikiri batayo nzima ya askari imeingia!

— Saa nane mchana, Kanali? Ukuta mzima wa mbele ni vioo.

— Basi unamwaga rangi chini. Anateleza, unamukalia!

Nilicheka hadi kahawa ikanimwagikia. Nilipoinua uso, Patroba alikuwa amesimama pembeni ya mlango na kapu la nguo. Mikono ya shati alikuwa ameikunja, na kwenye vifundo vya mikono, pale pingu zinapokaa, ngozi ilikuwa imechubuka pande zote mbili.

— Endeleeni, alisema. Mmefika kwa rangi.

Kanali alisogea kumpa nafasi. Patroba akakaa.

— Pole sana, ndugu yangu, alisema Wakili. Tulikuwa tunajaribu tu kuelewa.

— Mnataka kujua kwa nini sikupiga. Nitawaambia mara moja. Nikimaliza, mtu asiniulize tena hapa, wala kanisani, wala kazini.

Kanali aliweka chupa ya kahawa chini.

— Mlio wa kwanza nilidhani mtu ameangusha mbao. Wa pili, nikaona watu wanakimbia. Halafu masikio yakaziba. Watu wanafungua midomo na mimi sisikii kitu. Na macho, ni kama naangalia ndani ya bomba: naona mbele tu, kando hakuna kitu. Nyinyi mnajua kule kwa shabaha napiga karatasi katikati. Mwalimu alinipigia makofi. Lakini siku hiyo vidole havikuwa vyangu. Nilivuta bastola, ikashikana na shati. Nikavuta tena.

— Na yeye alikuwa wapi? aliuliza Kanali, taratibu.

— Ngoja. Nikatokea kwa kona ya mikebe ya rangi. Upande ule mwingine akatokea mzee Mzungu, kofia pana, bastola mkononi. Ameninyooshea. Mimi nimemnyooshea. Kidole changu kiko ndani kabisa, kwa kifyatulio.

— Ndiye aliyekuwa muuaji? aliuliza Wakili.

— Mteja kama mimi. Leseni kama yangu. Alikuwa amekuja kutafuta bawaba za mlango! Lakini hayo nimeyajua baadaye. Saa ile niliona bunduki na kidevu kinatetemeka. Sikupiga. Yeye pia hakupiga. Sijui tulisimama hivyo kwa muda gani. Halafu akateremsha mkono kidogo, mimi nikateremsha wangu, na ndio nikaona katikati yetu, chini, yule dada anayechanganya rangi. Amepigwa paja. Damu inaruka.

Patroba alisimama, kama benchi limekuwa dogo.

— Nikaweka bastola chini. Mimi mwenyewe, kabla ya mtu yeyote kuniambia! Napiga magoti nimshike yule dada, polisi wakaingia. Vijana wawili. Mmoja sauti inamkatika, na mimi nilimwelewa, kwa sababu najua masikio yake yalikuwa kama yangu. Mzee bado ana silaha mkononi. Wakamwambia, bwana, tafadhali iweke chini. Bwana, tafadhali! Mimi sina kitu mkononi, wakanilaza kifudifudi. Goti mgongoni. Pingu.

— Mungu wangu, alisema Wakili.

— Nikawaambia mimi ni nesi, huyu dada anakwisha, nifungueni. Wakasema nyamaza. Nikakataa. Shavu liko kwa sakafu na nikakataa! Nikamwita yule mzee: toa mshipi! Funga juu ya kidonda! Kaza! Wakisema nyamaza, napaza sauti zaidi. Kaza tena! Weka goti lako! Na mzee wa watu akafanya kila kitu, analia na anafanya.

— Huyo dada? niliuliza.

— Yuko hai. Wamemfanyia upasuaji. Jana nimeongea naye kwa simu, amelia, nami nimelia. Na mwenye bunduki polisi wengine walimkamata kwa mlango wa mizigo, hana hata mkwaruzo. Jioni televisheni ikamwonyesha mzee na mshipi wake. Amenipigia, anaapa alinitaja. Hiyo sehemu haikutoka.

Hakuna aliyekumbuka rafu wala mikrofoni. Kanali alimjazia Patroba kikombe akampa kwa mikono miwili.

— Jumatatu naenda kituoni, alisema Patroba. Nataka mkubwa wao anieleze. Kwa nini mmoja anaambiwa tafadhali na mwingine anakaliwa, na mtu anavuja damu hapo kando.

Wakili alishtuka.

— Patroba, usithubutu. Usaili wako wa uraia ni mwezi ujao. Jina lako lisionekane popote.

— Mchungaji pia amesema hivyo. Mshukuru Mungu, yaache.

— Basi msikilize!

— Mungu nimemshukuru. Lakini kunyamaza nilifundishwa nyumbani, Wakili, na nilikuwa nimefaulu vizuri. Sikupanda ndege kuja kurudia darasa. Wakininyima uraia, waninyime nikiwa nimesema.

— Wakikukamata?

— Wanajua saizi yangu ya pingu.

Hapo ndipo Bernadette alipotoka ndani na mashuka mabegani. Ni dada yake Kanali, aliyefika mwezi ule kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na kumbe muda wote alikuwa amesimama nyuma ya mlango anasikiliza. Alimwamkia kila mmoja wetu, kisha akamgeukia Patroba.

— Kaka, pole kwa ile ilikupata. Miye ninauliza tu. Ule muzee alikuwa na bunduki na anakutazama. Ulijua namna gani kama haikukuwa yeye?

Kanali alitazama ndani ya kikombe chake. Mimi nilijaribu kutafuta jibu kwa niaba ya Patroba: kofia, umri, namna mzee alivyosimama. Kila nililolipata lilinitia aibu kabla sijalitamka, maana ndivyo polisi nao walivyomtazama. Ndege ikapita juu yetu.

— Sikujua, alisema Patroba mwishowe.

Bernadette aliendelea kumtazama, bila ubaya.

— Sikujua, dada. Hata sasa nikifumba macho, sijui. Lakini nilingoja.

Patroba aliinua kapu lake, akaingia ndani kutafuta mashine iliyo wazi. Tulimsikia akizisukuma nguo humo kwa nguvu. Wakili alikaa akijisugua magoti, akasimama, akakaa tena. Kisha akauelekea mlango.

— Jumatatu saa ngapi? aliuliza.

— Saa tatu, Patroba alijibu kutoka ndani. Na uvae shati la maana.