Verna Lindqvist, Mama wa Vijidudu vya Majitaka

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei, Verna Lindqvist anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye mtambo wa kusafisha majitaka wa mji wetu wa Ostby, Minnesota.

Alianza kwa kuchota sampuli, akapanda hadi mkuu wa maabara. Vijidudu vinavyokula uchafu ndani ya matangi aliviita “wanangu”. Mgeni aliyeziba pua mbele yao alitolewa nje kwa kukosa adabu.

Hatutasahau mwaka ambao, theluji ilipoyeyuka, wanawe walianza kufa. Maji yalitoka mtamboni yakiwa yametibuka, na kwenye hadubini vijidudu vilikuwa vimetulia tuli. Vipimo vikaonyesha shaba na nikeli, sumu kwao zikizidi. Vingekwisha vyote, uchafu wa mji mzima ungeingia mtoni wiki ileile ya kufungua msimu wa uvuvi.

Kiwanda cha kupaka vyuma shaba na nikeli mjini ni kimoja tu, cha Orrin Haugland, mwenzake Verna katika timu ya mchezo wa bolingi. Kwenye simu Orrin aliapa kwamba kwake hakuvuji kitu. Basi Verna akabeba hadubini na chupa ya tope hadi kwenye mlo wa samaki ukumbini kanisani, akavitua kando ya sahani ya Orrin.

“We Verna, watu tunakula hapa!”

“Hata wanangu walikuwa wanakula, mpaka ulipowatilia shaba. Hebu chungulia.”

“Mbona sioni kinachotembea?”

“Ndiyo hivyo. Umewaua, Orrin. Haya, malizia samaki wako.”

Ukumbi mzima ulicheka, ila Orrin hakumalizia. Alikwenda kiwandani na suti yake ya kanisani, akakuta valvu imepasuka na maji ya kusuuzia vyuma yanamwagika kwenye bomba la majitaka. Akaiziba mwenyewe.

Verna naye aliomba lori la tope lenye vijidudu hai kutoka mji jirani, akalipokea kwa shangwe kama harusi. Matangi yakafufuka, na wavuvi wakaukuta mto safi. Orrin akaleta keki iliyoandikwa “Samahanini, watoto”. Kabla hatujaionja, Verna alimega kipande kikubwa akakitupia tangini.

Verna, asante kwa kutufundisha kuwajali hata wasioonekana. Tunakuombea ustaafu mrefu, afya tele, na hewa yenye harufu nzuri kuliko hii unayotuachia.