Neno la Mjomba kwa Rachida, Anayewafuata Ndege wa Marungu

Mheshimiwa Shefu wa Kartie, mkuu wa mtaa wetu, Profesa Donat uliyemfundisha binti yetu, Shehe Zakari, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi wa Kipushi mliofika mapema kwa sababu ya harufu ya mbuzi: nawasalimu wote, kila mmoja kwa cheo chake na kwa njaa yake.

Mimi ni Moustapha, fundi cherehani wa Kamalondo. Ndola nimefika, Dar es Salaam nimekaa, Dubai nimelala uwanja wa ndege. Hakuna jambo la dunia linalonishinda, isipokuwa hili analosomea mpwa wangu. Ndege! Si wa kula, si wa kufuga. Wa kuangalia!

Leo tunasherehekea diploma yake. Kesho anataka kwenda milima ya Marungu, akae huko miaka miwili. Na kwetu, mjomba asiposema neno mbele ya watu, mtoto hatoki. Mama yake, dada yangu Mariam, amenibana tangu asubuhi: "Moustapha, useme hapana. Miye sitaki." Basi niseme nini?

Mwanzoni nilikubali safari, hata nguo nikamshonea. Nikafikiri: mlima uko karibu na jua, kwa hiyo kuna joto. Nikashona magauni mepesi kama utando wa buibui. Rachida alicheka mpaka akakaa chini. "Yomba, kule juu baridi iko inauma! Unataka banizike?" Profesa, usicheke. Jua liko juu au liko chini?

Akanieleza. Zamani sana dunia ilipoa, msitu wa milimani ukashuka mpaka mabondeni, ndege wakawa jamaa moja. Kisha joto likarudi. Msitu ukapanda, ndege wakaufuata, hawa mlima huu, wale mlima ule, na bonde la joto katikati hawalivuki. Wakakaa, wakakaa, rangi zikageuka, nyimbo zikageuka. Na sasa joto linawasukuma tena juu. Nikamwuliza, "Na mlima ukiisha?" Akafunga daftari lake. Hapo akili yangu ilikwama kama lori la shaba pale mpakani Kasumbalesa. Mwenye mabawa anashindwaje na bonde? Hata kuku wa Kasungami anavuka barabara!

Mariam alikuwa anachambua mchele. Akauliza yeye: "Na leo bakikutana, batajuana?"

"Iko inategemea, mama. Ninabasikilizisha sauti ya ndugu yao wa mlima mwingine. Bamoja banajibu. Bengine banaangalia tu."

Dada yangu akaacha mchele, akatoka nje. Nikadhani ni moshi wa jiko. Jamani, mimi niliyetembea dunia! Ni sasa hivi, nikiwa nimesimama hapa, nikimwona anavyomtazama binti yake, ndipo ninaelewa kwamba hakuwa akiuliza habari za ndege.

Dada, unaogopa atashuka akiwa mgeni. Sitakudanganya, inawezekana. Mimi nilirudi kutoka Dar nikikataa bukari, nikidai ugali, kumbe ni chakula kilekile. Mlinicheka, lakini mlinipakulia.

Profesa, habari za ndege bado zimenichanganya, na zitanichanganya mpaka nizikwe. Lakini neno langu ni hili. Rachida, nenda. Ukirudi na wimbo tusioujua, ni sisi tutakaojifunza kuuitikia, na mama yako ataanza.

Mariam, njoo umshike mkono mtoto. Nyinyi wengine, asanteni kwa kunipa masikio yenu.