Wilda Mae Prichard na Jina Alilotaka Lisomwe

Ndugu, majirani, Mchungaji Stamper, na nyinyi wa idara aliyofanyia kazi marehemu, mliokaa safu ya nyuma karibu na mlango: tumekusanyika kumzika Wilda Mae Prichard. Mimi ni Leta, mwanawe wa pili na wa mwisho. Kaka yangu Garland aliusoma wasifu huu jana na hakuupenda hata kidogo. Aliniomba nipunguze maneno, nikapunguza yale matamu. Atapata nafasi yake ya kuongea baada ya wimbo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 hapa Pell Creek, kaunti ya Brandt, Ohio, mtoto wa nne kati ya saba wa Mzee Orville Skaggs, mchimba makaa ya mawe, na mkewe Bi Hester. Majira ya baridi ya mwaka 1959 mgodi ulifungwa kwa mgomo, na mama mmoja wa ustawi wa jamii akaja nyumbani kwao amevaa glavu. Alifungua kabati la chakula, akatazama, akalifunga, akaondoka bila kusema neno. Ndani mlikuwa na unga wa mahindi usiojaza bakuli. Mama alitusimulia kisa hicho kila Krismasi, na kila mara alimalizia kwa kusema kwamba siku ile aliapa akikua atakuwa upande wa wanaofungua. Hakuwahi kusema kwamba aliapa kuleta chakula.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, kisha sekondari ya kaunti, alikomaliza mwaka 1969 akiwa wa pili darasani. Aliyekuwa wa kwanza, Bi Imogene Tackett, yuko nasi leo, na marehemu hakumsemesha tena tangu siku ya mahafali. Alipata shahada ya ustawi wa jamii mwaka 1973, wa kwanza katika ukoo mzima wa Skaggs kuvaa joho. Shahada ya uzamili aliipata mwaka 1984, akiwa na mimba yangu, na hilo nimekumbushwa kila nilipopata alama mbaya.

Tarehe 17 Juni 1978 alifunga ndoa na Harlan Prichard, fundi wa malori, mtu mpole aliyependa maharage, mkate wa mahindi na kimya. Cha tatu hakukipata. Wengi wenu mnakumbuka tabia ya Mama ya kufungua friji za watu. Hakuomba ruhusa. Siku ya kuposa mke wa Garland, wakwe wakiwa bado wanatafuta viti, Mama alikuwa tayari jikoni kwao, kichwa ndani ya friji, anasema kwa sauti, "Haya maziwa yamelala tangu lini?" Baba aliwaambia wale wakwe, "Mwacheni tu. Mimi nikirudi kwangu huwa najiona nimetembelewa na ustawi wa jamii." Tulicheka sana siku ile. Baba alifariki mwaka 2011, na friji lake katika karakana, alimokuwa akificha bia, Mama alilifungua kabla hajafungua jeneza kumuaga.

Kazi ilikuwa ndiyo maisha yake, kwa hiyo nitasema juu ya kazi. Aliingia idara ya ulinzi wa watoto ya kaunti mwaka 1974 akiwa afisa wa kawaida, akawa msimamizi mwaka 1988, na msimamizi akabaki mpaka alipostaafu mwaka 2013. Msimamizi haingii nyumbani kwa watu. Anakaa ofisini, afisa anampigia simu kutoka uani kwa watu, yeye anamuuliza maswali mawili matatu, na mtoto anabaki au anaondolewa. Mama aliwafundisha maafisa wake ufundi wote. Aliwafundisha wakifika nyumba yenye mashaka waombe maji baridi ya kunywa, ili mwenyeji afungue friji mwenyewe na wao waone kilichomo bila kugombana na mtu. Aliwafundisha pia kuogopa. Bi Delphine Osborne, aliyefanya kazi chini yake muda mrefu, aliniambia juzi, "Mama yako moyo alikuwa nao, mwanangu. Ila alikuwa anauacha garini."

Sasa nafika mahali Garland alipoweka alama nyekundu.

Ilikuwa Jumatano ya Novemba 2004, siku moja kabla ya Sikukuu ya Shukrani. Kila mtoto aliye chini ya idara lazima aonwe kwa macho mara moja kwa mwezi, na mwezi ule, kwa sababu ya sikukuu, kazi ilikuwa imelala. Mama alikuwa amewahi kurudi nyumbani, anakanda unga wa pai, mikono yote miwili myeupe, kwa hiyo simu ilipolia alinituma niiweke kwenye spika. Mimi, Garland na Baba tulikuwa pale pale mezani, tunamenya matofaa. Aliyepiga ni afisa wake, Renita Fugate, akiwa ndani ya gari nje ya nyumba moja ya trela ambamo waliishi mapacha wa kike wa miaka minne.

"Bi Wilda, nimewaona. Ila sikuwaona pamoja. Ametolewa mmoja, akarudishwa ndani, halafu akatolewa mwingine."

"Umewaona wawili au hukuwaona wawili?"

"Wawili, lakini niliomba wasimame wote pamoja, mama yao akasema mmoja anasinzia. Sijapenda, Bi Wilda. Naomba nirudi ndani."

"Renita, mama mwenye mapacha akikuletea mmoja mmoja mshukuru Mungu, wangekuvunjia miwani. Wawili ni wawili. Bado una nyumba mbili, na ofisi inafungwa saa kumi."

"Nirudi dakika tano tu, bosi."

"Nenda, binti. Na Shukrani njema."

Mama akanipa ishara kwa kiwiko, nikakata simu. Akaendelea kukanda.

Mliokuwapo kaunti hii mwaka ule mnajua Renita alionyeshwa nini. Alionyeshwa mtoto mmoja mara mbili, amebadilishwa nguo. Mwenzake alikuwa chumba cha nyuma, ameumizwa, na Jumapili alikutwa amekufa. Wazazi walifungwa. Idara ilipofanya uchunguzi, Mama aliulizwa aliambiwa nini siku ile. Akajibu, "Afisa wangu alinihakikishia kwamba amewaona wote wawili." Kila neno lilikuwa kweli, na lilikuwa uongo mbaya kuliko wote niliowahi kusikia. Renita alifukuzwa kazi, akanyang'anywa na leseni. Mama alibaki. Mwaka uliofuata alitunga kanuni kwamba watoto wote wa nyumba waonwe kwa wakati mmoja, wamesimama chumba kimoja, na kaunti za jirani zikaiiga. Ile ngao ya shaba iliyo juu ya meza ya maua alipewa kwa ajili ya kanuni hiyo. Inaitwa Kanuni ya Wilda. Yalikuwa maombi ya Renita, neno kwa neno, yaliyokataliwa jikoni kwetu.

Bi Renita Fugate yuko hapa, yule aliyevaa koti la kijivu. Nilimpigia simu kumkaribisha, nikamwambia nitaelewa asipokuja.

"Nakuja," akasema. "Hii lazima niione kwa macho."

Mwezi Mei mwaka huu marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Alikataa kulazwa, akauguzwa nyumbani kwangu, ambako siku ya kwanza aliniambia mboga zangu zimenyauka. Mwezi Septemba, akiwa amebaki mifupa na ulimi, alinishika mkono. Hakuwa mtu wa kushika mikono.

"Siku ya kunizika, jina la yule mtoto lisomwe. Mwisho kabisa, pamoja na majina ya waliotangulia. Nataka awe na watu wa kwetu."

"Unataka yeye awe na watu, Mama, au unataka watu waone umemkumbuka?"

"Usinihoji kama mteja, Leta."

"Renita je? Jina lake nalo lisomwe?"

"Renita mzima. Anaweza kujisomea."

Hata hivyo nilisema nitaulizia, kwa sababu anayekufa huwezi kumnyima hata hilo. Aliyebaki mwenye haki na jina lile ni mmoja tu, pacha mwenzake. Alilelewa na familia nyingine, sasa ni mtu mzima, anaoka mikate katika duka kubwa mji wa pili kutoka hapa. Jina lake nimeliacha, kwa kuwa hakunipa ruhusa. Nilimkuta nyumbani kwake mchana, akanisikiliza mpaka mwisho, mkono mmoja kwenye kitasa cha mlango.

"Mama yako anataka jina la dada yangu?"

"Lisomwe tu. Kwa heshima."

"Heshima ya nani?"

Hakusubiri nijibu.

"Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka," akasema. "Nilivalishwa sweta la njano, nikapelekwa sebuleni. Nikarudishwa, nikavalishwa la kijani, nikaambiwa nikiulizwa niseme jina lake. Nikalisema. Yule mama wa ustawi akanisifu, eti najua kuongea." Alinitazama kama mtu anayesubiri basi. "Uso wangu mlishautumia mara mbili. Jina lake hamlitumii hata mara moja."

"Nimwambie hivyo?"

"Mwambie hivyo hivyo. Na usirudi hapa, dada. Mimi naamka alfajiri."

Nilimwambia Mama hivyo hivyo. Garland anasema ulikuwa ukatili, kwamba ningeweza kumdanganya mgonjwa kidogo akafa na raha yake. Ningeweza. Nilifikiria ile "afisa wangu alinihakikishia", nikaona nyumba yetu ina uongo wa kutosha. Mama aligeukia ukuta, nikadhani analia. Kisha akauliza, "Amekonda?"

"Hapana."

"Friji lake lina nini?"

"Sikuliona, Mama. Hakunikaribisha ndani. Alinisimamisha barazani."

Akageuza kichwa, akanitazama kwa ile sura ambayo maafisa wake walikuwa wakienda kuililia kwenye maegesho ya magari.

"Ungeomba maji," akasema.

Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho yenye kueleweka. Nilimchukia pale kitandani, na nilimhurumia, na mpaka leo vyote viwili ninavyo. Wilda Mae Prichard alifariki Jumamosi tarehe 14 Oktoba 2023, saa tatu asubuhi, nyumbani kwangu, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Ameacha watoto wawili, Garland na Leta, mkwe, Trudy, wajukuu watatu, Colby, Maribeth na Harlan mdogo, dada yake, Bi Oneida Skaggs, na maafisa wengi aliowafundisha. Waliomtangulia ni wazazi wake, mumewe Harlan, na ndugu zake watano. Baada ya maziko chakula kipo ukumbini, na friji la kanisa liko wazi, mtu asijisumbue kulikagua.

Mahali hapa ndipo alipotaka lile jina lisomwe. Mwenye nalo amekataa. Sitalisoma hapa, sitalisoma kaburini, na Garland, kaka yangu, kaa chini, wewe pia hulisomi.

Apumzike, akiweza.