Kigoma Tutapita Tu

Benchi la kwa Suzana, pale Shanwe, lilikuwa ubao mmoja wa mninga juu ya vigogo viwili, na mtu akikaa kwa pupa upande mmoja, mwenzake wa upande wa pili alinyanyuka bila kuomba. Mwaka ule wa tisini na tatu, Mpanda nzima iliendeshwa kutoka pale, kuanzia saa moja asubuhi mpaka birika la Suzana liishe. Kocha wa timu ya taifa alikuwa ameshafukuzwa kazi pale mara nne, ila hakuna aliyemfikishia taarifa. Basi Jumanne hiyo ya Juni, Gabrieli, waliyemwita Stesheni kwa sababu alifungua na kufunga njia za garimoshi kwa miaka ishirini na sita mpaka akastaafu, alifika amevaa koti la kanisani. Wenzake walimtazama kuanzia kola mpaka vifungo, wakasogea kumpa nafasi.

— Nani kafa? aliuliza Ngusa.

— Hajafa mtu. Nina plani.

— Bora angekufa mtu. Msiba una siku tatu, plani zako haziishi.

Ngusa alikuwa Msukuma, ng'ombe wake wanamaliza nyasi huko bondeni, yeye akimaliza kahawa hapa mjini. Walimwita Zizi na jina alilipenda. Upande wake wa kulia alikaa Anicet, fundi cherehani wa kutoka Katumba, aliyeitwa Kapteni. Cheo hicho alikipata kwa kuvuka Ziwa Tanganyika kutoka Burundi akiwa na miaka tisa. Alivuka amefunikwa turubai, hakuona hata tone la maji, lakini kwa watu wasiokuwa na ziwa hiyo ilitosha.

Gabrieli alipokea kikombe, akanywa funda moja la haraka. Alikuwa amefanya mazoezi ya maneno haya njia nzima kutoka Nsemulwa.

— Nawapeleka wajukuu kwenye meli, alisema. Mimi, mke wangu Marsela, binti zangu wawili, waume zao na watoto wao wote. Tunachukua lori mpaka Karema, tunapanda meli, tunakwenda nayo mpaka Kigoma, halafu tunarudi kwa treni. Matembezi tu. Kama Wazungu.

Ngusa alicheka mpaka ubao ukatikisika.

— Wazungu wana mjukuu mmoja na mbwa. Wewe unao wangapi?

— Kumi na mmoja.

— Kumi na mmoja! Hao si matembezi, hao ni timu. Imekosa golikipa wa akiba tu.

— Na huko melini mtakula nini? aliuliza Suzana huku akifuta vikombe kwa kitambaa kilichokuwa cheupe zamani za kale.

— Marsela atapika.

— Ahaa. Sisi tukisikia matembezi, kumbe mama anahamishiwa jiko.

Gabrieli alikuwa amefikiria mambo mengi sana kuhusu safari hii, hilo halikuwemo.

Anicet aliweka kikombe chini. Saa yake ilikuwa imefika.

— Stesheni, nisikilize mimi nimevuka. Kwanza, pale Karema meli haifiki ufukweni. Inasimama huko kwenye maji marefu, inapiga honi, nyie mnaifuata na mtumbwi. Halafu mnapanda ubavuni, mmoja mmoja. Sasa Mama Marsela na goti lake lile, nani atamsukuma?

— Wakwe zangu.

— Mkwe amsukume mama mkwe wake makalio, watu wa meli nzima wanaangalia? aliuliza Ngusa kwa upole mkubwa. Kwenu Usevya inaruhusiwa hiyo?

Suzana alicheka mpaka akamwaga kahawa. Gabrieli naye, pamoja na hasira, ilibidi ashike kicheko kwa meno. Mkwe wake wa kwanza, mume wa binti yake Josephina, alikuwa mtu wa haya kiasi kwamba akikutana na Marsela njiani huingia kwenye mahindi ya watu mpaka apite.

— Tutamfunga kamba, tumvute, alisema Anicet. Na watoto nao kamba. Wote kumi na mmoja kwenye kamba moja, mwanzo wa kamba bibi, mwisho wa kamba babu.

— Akianguka mmoja? aliuliza Gabrieli.

— Ndiyo uzuri wake. Hapotei mtu mmoja.

— Wanapotea wote, alimalizia Suzana.

— Kapteni anajua, alisema Ngusa. Lakini mimi nasema wachukue ng'ombe. Ng'ombe anaogelea. Nimewavusha mito mvua ikinyesha, nimeshika mkia tu, sikulowa kofia. Stesheni, beba dume moja zuri. Meli ikileta ujinga, familia nzima inashika mkia.

— Watu kumi na saba mkia mmoja?

— Basi madume mawili. Kwenye mambo ya watoto mtu hafanyi ubahili.

Hapo mjadala ukawa umeiva. Anicet alieleza kwamba siku tatu kabla ya safari watoto wale mihogo mikavu tu bila maji, ili wakifika melini wasiwe na kitu cha kutapika. Ngusa akasema watoto wanene wakae katikati ya meli na wembamba pembeni, wakibadilishana kila saa kwa kengele. Anicet akasema kengele ni marufuku, nahodha atadhani amefika. Halafu wakaunda kamati. Watu wa Mpanda wakishakuwa watatu bila kamati hawalali, na kamati hii ilipatikana haraka: Anicet mwenyekiti, Ngusa msimamizi wa mifugo, Suzana mkuu wa mapishi bila kupigiwa kura. Hakuna mwanakamati aliyekuwa anasafiri. Msafiri mwenyewe hakupewa cheo.

Suzana ndiye aliyeharibu kikao.

— Lakini Stesheni, mimi sielewi. Kigoma si unapanda treni hapo nyuma ya nyumba, unabadilisha Kaliua, umefika? Hiyo treni umeifungulia njia miaka ishirini na sita. Hujawahi kwenda nayo Kigoma hata siku moja. Sasa unataka uzunguke Karema, uvutwe kwa kamba, ufike hapohapo?

— Meli watoto hawajaiona.

— Na Kigoma kuna nini?

— Kigoma tutapita tu.

— Mtapita tu, alirudia Suzana, akimmiminia Anicet polepole. Eustace bado yuko Kigoma?

Ubao ulitulia wenyewe. Hata Ngusa aliacha kutafuna kashata yake.

Kila mtu pale benchini alijua habari za Eustace, na kila mtu kwa miaka kumi alikuwa amejifanya hazijui, jambo ambalo kijiwe hicho hakijawahi kulifanya kwa habari nyingine yoyote. Mwaka ambao ng'ombe wa Wasukuma waliingia kwenye mpunga wa Gabrieli kule Usevya na kuulaza wote chini, mwaka huohuo, wala haijapita miezi miwili, mwanawe pekee wa kiume alikuja kusema anamuoa Esteria, binti wa boma lilelile la wenye ng'ombe hao. Gabrieli alimwambia kwamba huyo mwanamke akiingia kwenye nyumba yake, yeye Eustace asiingie. Eustace alimsikiliza baba yake vizuri sana, labda kuliko siku zote. Hakuingia. Alipanda treni ya Alhamisi, na aliyeifungulia njia treni hiyo alikuwa baba yake mwenyewe, akiwa zamu.

— Mpunga wenyewe ulikuwa gunia ngapi? aliuliza Ngusa, akitazama ncha ya fimbo yake.

— Haikuhusu.

— Hainihusu, kweli. Mimi Msukuma mwenye ng'ombe ninakunywa na wewe kahawa kila siku ya Mungu, benchi moja, kashata tunamegeana. Nauliza tu.

— Wewe hujaolewa na mwanangu!

— Hajaniposa.

Safari hii aliyecheka alikuwa Anicet peke yake, na alicheka kidogo. Gabrieli aliona aibu ikimpanda shingoni ndani ya lile koti. Ukweli ni kwamba hakuwa na haja na meli. Maji mengi aliyaogopa tangu utotoni. Ila kila Krismasi, watoto wakishakula na kushiba, Marsela alikuwa akipakua sahani moja ya wali na nyama, anaifunika kwa kawa, anaiweka juu ya kabati, hasemi ya nani. Sahani kumi sasa. Ya mwisho Gabrieli aliisikia harufu yake usiku kucha, na tangu hapo akaanza kutafuta namna ya kufika Kigoma bila kuonekana anakwenda Kigoma. Kwenda kwa treni kulikuwa kwenda kwa Eustace. Kwenda kwa meli na wajukuu kumi na mmoja kulikuwa utalii, na mtalii anaweza kukutana na mtu yeyote bandarini kwa bahati tu.

— Kigoma tutapita, alisema tena, sauti ikiwa chini. Kama watataka kurudi na sisi, wapande. Treni si yangu.

— Hapo sawa, alisema Suzana, na alisema bila kejeli hata chembe. Basi una bahati. Simeoni anaondoka na treni ya kesho kwenda Kigoma. Atakupelekea majina ofisi ya bandari na ya treni, wakuwekee nafasi. Simeoni!

Simeoni alikuwa mdogo wake Suzana, mwalimu, amekuja likizo fupi siku mbili zilizopita na alikuwa bado hajajua nani ni nani. Alitoka ndani, alikokuwa akisikia kila neno, na daftari na kalamu ya wino, akaamkia wazee wote shikamoo moja moja, akakaa mwisho wa ubao. Ngusa akanyanyuka kidogo, akarudi.

— Haya mzee. Abiria wa kwanza.

— Andika mke wangu mkubwa.

— Mama Marsela.

— Hapana, huyo mke wangu mkubwa ni wa Josephina. Halafu mke wangu wa pili, yule mchokozi. Halafu kuna mume mwenzangu, ananinyang'anya bibi yake kila jioni.

— Ana umri gani mke mkubwa?

— Sita.

Simeoni aliinua kalamu.

— Mzee, nikipeleka karatasi hii bandarini, mimi sirudi. Watanifunga. Nipe majina ya ubatizo.

Kijiwe kilishangilia. Gabrieli akakohoa, akakaa vizuri, akayataja. Donatille, Malale aliyepewa jina la jirani, Sikujua, mapacha, na wengine wote mpaka wa kumi na moja, kila mmoja na umri wake na aliyezaliwa mvua ikinyesha na aliyezaliwa siku ya Watakatifu Wote. Hakukosea hata mmoja. Alijisikia mrefu. Ngusa mwenyewe, ambaye hujua majina ya ng'ombe mia na huwaita watoto wake wote wee, alitikisa kichwa kwa heshima.

— Safi kabisa, alisema Simeoni, akafunua ukurasa. Na wale watakaopanda treni Kigoma? Watoto wa huyo Eustace. Wanaitwa nani?

Gabrieli alifungua mdomo.

Hakukuwa na kitu humo. Barua zilikuwa zikija, mbili kwa mwaka, wakati mwingine tatu. Zilisomwa na Josephina sebuleni, Marsela akiwa amekaa chini na kanga mdomoni, na kila Josephina alipochana bahasha, baba yao alichukua kofia akaja hapahapa, kwenye ubao huu, akabishana habari za mpira mpaka barua ikunjwe. Miaka kumi alikimbia jina la Eustace, na majina ya watoto yalikuwemo ndani ya barua hizohizo.

Aliwatazama wanakamati. Anicet, aliyejua idadi ya boriti za meli ambayo hakuwahi kuiona, alikuwa anachunguza pindo la suruali yake. Ngusa alikuwa amegeuka kutazama barabara, ambayo haikuwa na mtu. Suzana alilitikisa birika.

— Acha nafasi, alisema Gabrieli.

— Nafasi ngapi, mzee?

Hilo nalo hakulijua.

Simeoni alingoja, kalamu juu ya karatasi, hajui amefanya kosa gani. Suzana alimimina ile kahawa ya mwisho kwenye kikombe cha Gabrieli, ikatoka machicha matupu. Gabrieli alisimama, ubao ukamshusha Ngusa ghafla, naye Ngusa hakulalamika.

— Mwalimu, usifunge daftari. Narudi.

— Unakwenda wapi? aliuliza Suzana.

— Nyumbani. Kuuliza.

Njia ya kwenda Nsemulwa, aliyofanyia mazoezi ya maneno asubuhi, ilikuwa fupi mno sasa. Alimkuta Marsela uani, ungo magotini, anapepeta mchele. Alisimama mbele yake na lile koti, jasho likimtoka, na kofia akaishika kwa mikono miwili. Jina hilo alikuwa amelipiga marufuku yeye mwenyewe humu ndani, na sasa ilimbidi awe wa kwanza kulisema.

— Marsela. Watoto wa Eustace wanaitwa nani?

Ungo ulisimama. Marsela hakumtazama mara moja. Alichagua jiwe moja kutoka kwenye mchele, akalitupa, kisha akasukuma kigoda kwa mguu mpaka kikamfikia.

— Kaa chini, Gabrieli, alisema. Wako watano.