Historia ya Marehemu Mama Ndivyo, Ikisomwa na Shemeji Yake

Ndugu waombolezaji, marehemu shemeji yetu alizaliwa tarehe 9 Mei 1974, akiwa binti wa tatu wa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi jirani na kwao, kisha sekondari ya bweni, akaajiriwa karani wa soko mwaka 1996, na tarehe 12 Desemba 1999 akafunga ndoa na kaka yetu, seremala, ambaye tangu siku ya posa alikuwa na wivu, na hilo halihitaji shahidi hapa.

Walijaliwa watoto wawili. Mwaka 2008 watu wa soko la juu na wa soko la chini walichomeana vibanda, roho zikapotea, na mwaka uliofuata shemeji akapata ufadhili wa kusomea upatanishi ng'ambo, ili arudi kuwasuluhisha. Kaka alibaki na watoto, na kila picha ya darasa iliyofika aliikodolea macho kumtafuta aliyesimama kando ya mkewe, chakula kikamshinda.

Shemeji alirudi na kanuni moja, kwamba humjibu mwenzako mpaka urudie alichosema, naye akubali kwa kutamka, "Ndivyo." Kwa kanuni hiyo aliwapatanisha, wakampa jina la Mama Ndivyo, na vikao vyote vilifanyika sebuleni kwa kaka, juu ya viti alivyovitengeneza mwenyewe, huku yeye amenuna jikoni na chai yake. Alilalamika kwamba wageni wanapewa masikio, yeye anapewa mgongo. Shemeji akarudia alichosikia, kwamba mumewe anaona wivu, akasubiri lile neno. Kaka akajitia hamnazo miaka yote.

Januari mwaka jana shemeji aliugua figo, akalazwa mara kadhaa. Jumapili iliyopita alimuuliza tena, "Unasema ulitaka niwe wako peke yako?"

Kaka akajibu, "Ndivyo."

Shemeji alicheka, akamshika mkono, na Jumatatu alfajiri akatutoka.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani, wafanyakazi wenzake, na pande zote mbili za soko, waliokuja pamoja kuomba kubeba jeneza. Kaka anawashukuru kwa dhati, lakini amekataa. Anasema ninyi mlimchukua miaka yote, leo atamchukua yeye, nasi ndugu zake tutamsaidia kubeba.

Ametuomba pia tumalizie kwa maneno yake mwenyewe: pumzika kwa amani, mke wangu, na hodi ikipigwa, usiitikie.