Andrej Hudak na Nafasi Ambayo Haijabandikwa Ubaoni

Baada ya miaka arobaini na mitatu ya kazi, Mzee Andrej Hudak, mkaguzi wa mabehewa katika karakana yetu ya Tolliver, Pennsylvania, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Aprili 1971. Wenzake wameniomba niandike haya yasomwe kwenye sherehe ya kumuaga. Mimi ni msafishaji wa mabehewa, si mwandishi, lakini Mzee Hudak nimemwona kila asubuhi tangu niajiriwe, kwa hiyo nitasema ninayoyajua na niliyoyasikia kwa waliomjua kabla yangu.

Aliingia mwaka 1928, kazi yake kutia mafuta ekseli za magurudumu. Wakati huo Reli ya Juniata na Erie ilikuwa kampuni ya kutetemesha watu. Karakana hii peke yake ilikuwa na wafanyakazi elfu tatu. Firimbi ya mchana ikilia, mji mzima unakula. Hata padre alirekebisha saa yake kwa firimbi ile. Treni zetu za abiria zilikuwa na vijiko vya fedha na maua mabichi mezani. Mama wa Tolliver akipata mkwe wa reli, alitembea kifua mbele.

Kisa chake kinachopendwa kuliko vyote ni cha harusi. Wageni wetu wajue kwamba mtu akiingia chini ya behewa kufanya kazi, huchomeka bendera ya buluu relini, na treni haitikisiki mpaka aliyeichomeka aiondoe kwa mkono wake mwenyewe. Hata mkuu wa kampuni haruhusiwi kuigusa. Basi, Jumamosi moja ya mwaka 1934, Mzee Hudak alimaliza kukaza breki za treni ya haraka ya Chicago, akakimbia kuoga, akaenda kanisani kuoa. Bendera akaisahau. Treni imejaa, kichwa kinafuka moshi, na haiendi popote. Ikabidi msimamizi, Bwana Gallagher, aingie kanisani katikati ya ibada, kofia mkononi.

"Hudak, njoo uondoe bendera yako!"

"Bwana Gallagher, naoa!"

"Ondoa kwanza, utaoa baadaye. Bibi harusi hana ratiba, treni inayo!"

Bwana harusi akatoka mbio na suti yake, bibi harusi Ludmila nyuma yake ameshika gauni, abiria wakawapigia makofi madirishani. Bibi Ludmila mpaka leo husema, "Treni aliiwekea bendera isiondoke. Mimi hata kitambaa hakuniwekea."

Halafu mambo yakaanza kupungua, na sijui hata nianzie wapi. Barabara kuu ilikata mlima, malori yakachukua mizigo, ndege zikachukua wakubwa. Vichwa vya mvuke vilikwenda kukatwa kuwa vyuma chakavu, na vya dizeli vilivyokuja havikuhitaji watu wengi. Kampuni ikaungana na adui yake wa zamani, wakuu wa pande mbili wakawa hata hawasalimiani. Vijiko vya fedha vikawa vya plastiki, kisha behewa la chakula lenyewe likaondolewa. Firimbi ilinyamazishwa. Leo tumebaki kumi na mmoja, na majani yameota katika njia zote za karakana isipokuwa moja.

Umri wa kustaafu Mzee Hudak aliufikia miaka saba iliyopita. Hakuondoka. Magoti yake yamekwisha, akitoka chini ya behewa lazima ashike gurudumu ndipo asimame. Vijana walimtania: "Mzee, nenda kavue samaki, utuachie nafasi!" Naye anajibu, "Samaki wa Tolliver nao wamepunguzwa kazini."

Mwezi Machi kampuni ilipoweka kikomo cha umri cha lazima, ndipo tulipoelewa kwa nini hakuondoka. Katibu wa chama chetu, Walt Scanlon, alitusomea mkataba: karakana haiwezi kufungwa maadamu yumo mkaguzi mwenye nafasi yake. Na mkaguzi amebaki mmoja tu. Miaka saba yote, mzee huyu alikuwa anatambaa kwenye zege baridi ili sisi kumi tupate riziki. Bibi Ludmila alituambia waziwazi: "Nimemsihi aache mpaka nimechoka. Ananiambia, 'Mila, nikitoka mimi, wanafunga mlango nyuma yangu. Na kuna yule binti mwenye mtoto mchanga mle ndani.'"

Desturi ya reli ni kwamba mtu akikaribia kustaafu, nafasi yake hubandikwa ubaoni ili wengine waiombe. Ya Mzee Hudak haijabandikwa. Kila asubuhi tunapita ubaoni kabla hata ya kuvua makoti. Treni yetu ya asubuhi, ambayo ndiyo inayotuletea mabehewa, haimo kati ya treni za abiria ambazo shirika jipya la serikali litaziendesha kuanzia Jumamosi. Ninapoandika haya ni Jumatano, na ubaoni kuna tangazo moja tu, la sherehe hii.

Jana mwenyewe alisimama mbele ya ubao ule, akaufuta vumbi kwa mkono wa koti.

"Labda gundi imewaishia," akasema.

Akachukua nyundo yake, akatuita sote, hata mimi, akatufundisha kugonga gurudumu na kusikiliza. Gurudumu zima linaimba, lenye ufa linakohoa. Alitusahihisha kwa subira, mmoja mmoja, kana kwamba tutakuja kuihitaji kazi hiyo.

Mzee Hudak, asante. Usirudi nyumbani ukidhani umetuangusha. Ulishika mlango mpaka mikono ikakuishia nguvu. Mwanangu atajua jina lako kabla hajajua kusoma. Mungu akujalie wewe na Bibi Ludmila siku nyingi za utulivu, magoti yapone, na samaki wawe tayari.

Jumatatu lala mpaka jua likuchome. Sisi tutafika saa moja kama kawaida, tukiwa na chakula chetu cha mchana, kwa sababu mpaka sasa hakuna aliyetuambia tusije.