Hamia Upande wa Mto

Asubuhi hiyo ukungu wa mto Lualaba ulikuwa umepanda mpaka kituo cha treni, ukakaa, na haukuwa na haraka ya kwenda popote. Alunguli, mtaa wa ng'ambo, ilikuwa imepotea yote, na mitumbwi, na miti yake. Mtu akipita pale kituoni alisikia kwanza vikombe vya Mama Espérance muuza kahawa, kisha ubishi, ndipo akawaona watu wenyewe. Benchi lao ni la behewa la daraja la tatu, mbao ngumu na vyuma, lililong'olewa ndani ya treni zamani na kuwekwa pale nje, mwisho mmoja upande wa reli, mwisho mwingine upande wa mto. Kwa zaidi ya miaka thelathini Maître Badibanga, mwanasheria, alinywea hapo kahawa yake ya tangawizi kabla ya kwenda kutetea watu tribunali. Sasa Maître amekufa, mwezi umepita, kesho wanaondoa matanga, na kijiwe kimekaa kumkumbuka. Uongo utakuwepo, nakuonya mapema.

Djamali alikuwa amekaa mwisho wa reli, mahali pake pa siku zote, karatasi juu ya goti. Yeye mwenyewe ni avoka, wakili, sasa, kichwa kimeanza mvi, lakini ujana wake wote aliutumia kubeba mafaili ya Maître. Mawakili wa mji walimchagua yeye aseme kesho mbele ya watu. Tangu juzi alikuwa ameandika jina la marehemu tu, akalipitia na kalamu tena na tena mpaka karatasi ikatoboka.

— Bado tu? — Mama Espérance alimuuliza, akimmiminia.

— Bado, Mama.

— Weye mwanafunzi wake! Tangu ile wakati ulikuwa na zile buti zako za njano, unamufuata nyuma, tap, tap, tap. Mji muzima walikuwa wanajua: buti za njano zinapita, Maître hayuko mbali.

— Ukose maneno namna gani? — akadakia Mzee Kankolongo. Huyo wanamwita Chef de Gare, mkuu wa kituo, ingawa alistaafu zamani na treni yenyewe inakuja ikitaka. — Andika ile ya wamama kumi na mmoja. Inatosha.

Ile ya wamama kumi na mmoja kila mtu wa Kindu anayo, na kila mtu anayo ya kwake. Ilikuwa wakati wa vita, mji umezungukwa, njaa imeingia kila nyumba. Wanawake kumi na mmoja walivuka mto kutafuta muhogo. Waliporudi, wale wa bunduki waliokuwa wanashika mji wakawakamata: ninyi mnalisha watu wa porini. Tribunali ilikuwa imefungwa, majaji wamekimbia. Maître akaenda kumwona komanda asubuhi, na kabla ya saa sita wanawake wote walikuwa nyumbani kwao.

— Ilikuwa filimbi, — alisema Chef de Gare. — Nisikilize miye, nilikuwa mutu wa reli. Maître alimuambia komanda: waachie hawa, ama treni itakuja. Komanda akacheka, treni gani? Hapo filimbi ikalia. Na mashine zote zilikuwa zimekufa, mafuta hakuna! Miye niliisikia kwa haya masikio.

— Aka! Filimbi! — Tambwe alitema kahawa kidogo. Tambwe anavusha watu na mtumbwi wake kutoka Alunguli, na kwa sababu habari nazo anazivusha, wanamwita Redio. — Treni itamuogopesha mutu wa bunduki? Ilikuwa mto. Ile usiku kabla, Maître alishuka chini ya maji.

— Chini ya maji na suti?

— Na suti. Na koti yake nyeusi ya tribunali. Akakaa kule na wenye mto, akawaelezea shauri yote, wakamukopesha sauti. Asubuhi anafungua kinywa mbele ya komanda, komanda anasikia nani? Mama yake muzazi! Aliyekufa! Anamuambia: mwanangu, hawa wamama wamekukosea nini?

— Ekie! — alisema Chef de Gare, naye si mtu wa kushindwa. — Basi na ukungu je? Ule ukungu ulikuwa namna hii ya leo. Ulikuja kutoa ushahidi. Uliingia ndani ya ofisi ya komanda, ukakaa kwa kiti.

— Kwa kiti, kweli, — Redio alikubali, maana hiyo ilimpendeza. — Na ukaapa.

Wote wawili wakautazama ukungu unavyopita taratibu mbele ya magoti yao. Djamali naye aliutazama. Kwa muda alitamani iwe kweli, mto, mama wa komanda, kila kitu. Kisha akasema, bila kuinua kichwa:

— Maître alimuleta komanda hapa. Alimuambia: hamia upande wa mto.

Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Maître. Ukija na shauri lako, unakaa mwisho wa reli, unamwaga yote, shamba, ndoa, urithi, matusi. Maître anakunywa tu. Ukimaliza, anakuambia uhamie upande wa mto, ukae kule, useme sasa wewe ndiye yule unayemshitaki. Useme kwa kinywa chake, na maumivu yake. Ukishindwa, Maître hachukui shauri lako, hata umlilie. Wengi walilia kwenye mwisho ule wa benchi. Wengine waliamka, wakarudi nyumbani kupatana.

— Ile siku niko hapa na faili, — Djamali aliendelea. — Komanda alicheka, akahamia. Akafanya sauti ya mwanamuke: miye niko na watoto wanne, hawajakula tangu juzi. Askari wake wakacheka. Kisha akanyamaza. Alipoamka akasema wafungue mulango.

— Ni vile tu? — Redio alisikitika.

— Ni vile tu.

— Na wiki mbili kisha mukubwa wa ule komanda akasikia, — Mama Espérance alisema polepole. — Akaona haya. Njo maana wakamufunga Maître ndani ya behewa, hapa kituoni, siku tisa. Nilimupitishia maji kwenye tundu, pale ubao mumoja ulitoka. Maskini, alikuwa ananiambia asante kwa Kifaransa.

Hapo ndipo msichana alipotokea ndani ya ukungu, begi mkononi, viatu vimelowa. Alisimama mbele ya benchi, akawasalimu mmoja mmoja, kila mzee kwa mikono miwili.

— Samahani wapapa, mama. Miye naitwa Joëlle. Nimeshuka treni usiku, nikangojea kukuche. Badibanga alikuwa babu yangu.

Mama Espérance akaweka birika chini, akamkumbatia, akamlilia begani palepale kwa sauti. Chef de Gare alisogea, Redio akapangusa ubao na kofia yake. Msichana hakukaa. Alikuwa na neno, na lilionekana limemchosha kuliko safari.

— Babu alikuwa anatuhadisia. Siku ya tano, mbele ya behewa, waliita mutu wa kumutetea. Akifika hapo anacheka tu. Hakumaliza hata siku moja. Mama yangu anasema, kama babu alitoka muzima, lazima mutu alikuja; amenituma, kabla ya kuondoa matanga nimutafute ule mutu alikuja. Tumushukuru. Ni nani?

Hakuna aliyefikiri hata kidogo. Vidole vitatu vilimwelekea Djamali.

— Si ni huyu! — alisema Redio. — Nani mwingine?

— Mutoto wake wa ofisi, — alisema Chef de Gare. — Miye ile siku nilikuwa nimejifungia ndani, siwezi kudanganya. Lakini sauti yake ilifika.

— Ilifika mpaka Alunguli! — Redio alisimama kabisa. — Nilikuwa ng'ambo, nimeficha mtumbwi. Nikasikia Kifaransa inavuka juu ya maji, maneno makubwa makubwa, viboko wanatoa vichwa kusikiliza!

— Kumbe ni weye, — alisema Mama Espérance, macho bado yana machozi. — Na hukutuambia, Djamali. Unyenyekevu gani huo?

Djamali alitazama karatasi yake. Kesho angesimama mbele ya mji mzima, na hotuba yake hii hapa, wamemwandikia wenyewe, inangojea tu asiikatae. Joëlle alikuwa amekwisha kupiga magoti. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili, baridi ya safari bado imo.

— Asante, Papa. Asante sana. Ulisema nini?

Redio alikohoa.

— Alisema... alisema sheria.

— Ndiyo, lakini maneno gani? Nataka nimupelekee mama.

Chef de Gare alichungulia kikombe chake. Mama Espérance alianza kukunja kitambaa ambacho kilikuwa kimekunjwa tayari. Wote walimngojea Djamali, lakini ile asubuhi ya siku ya tano Djamali hakusema neno.

Alikuwepo. Alikuwa nyuma ya depo ya treni, amebana mgongo kwenye ukuta, ana miaka ishirini na miwili. Waliita: nani anamtetea huyu? Waliita mara tatu. Ukungu ulikuwa mzito, na yeye akaushukuru, akajua kwamba Mungu peke yake ndiye amemwona. Siku nne baadaye walimfungulia Maître, mguu umeharibika. Asubuhi iliyofuata Maître alikuja na fimbo, akaketi kwenye benchi, akamtazama kijana wake muda mrefu. Akamwambia: hamia upande wa mto. Djamali akajibu: sina shauri na mtu, Maître. Maître hakurudia tena neno hilo maisha yake yote. Na Djamali, mpaka anaota mvi, hakuwahi kukaa mwisho ule, hata benchi likijaa, hata jua likimchoma.

Alimwinua msichana kwa upole. Akaamka, karatasi ikaanguka, hakuiokota. Akapita mbele ya magoti ya Redio na ya Chef de Gare, akakaa upande wa mto.

— Ee, Djamali, — Mama Espérance alinong'ona. — Kuna nini?

— Miye ni Badibanga, — alisema, akarudia. — Miye ni Badibanga. Niko ndani ya behewa, siku ya tano. Wanaita mara ya kwanza, hakuna mutu. Wanaita mara ya pili, hakuna mutu. Mara ya tatu...

Akainua macho kutafuta neno linalofuata. Ukungu ulikuwa umeanza kuondoka. Ukikaa mwisho wa reli, tanki kubwa la maji linakuziba, huoni chochote. Kutoka hapa aliliona lile behewa, bado liko pale kwenye reli ya pembeni, kutu tupu, na ule ubao mmoja uliotoka. Na mbele ya tundu lile, hatua kumi hazifiki, pembe ya nyuma ya depo. Ukungu gani ungeficha kitu hatua kumi?

— Mara ya tatu? — aliuliza Joëlle. Alikuwa ameketi mwisho wa reli, pale pale Djamali alipotoka.

— Mara ya tatu niliona buti za njano. Niliziona vizuri. Hazikusogea.

Redio alivua kofia tena. Mama Espérance alijiziba mdomo.

— Kisha, babu? — alisema msichana, polepole sana. — Walipokufungulia, ulifanya nini?

Djamali alilia bila kujificha, na akajibu bila kutafuta, kwa sababu hilo alilijua, alikuwepo.

— Nilikuja hapa na fimbo yangu. Kijana wangu alikuwa amekaa pale umekaa weye, hawezi kuniangalia. Nikamuita Mama Espérance. Nikamuambia, leta kahawa mbili, yangu na yake.